Migomba ya Mwalimu Mkuu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nimeikana kwa miaka mingi: siku niliyokata majani ya migomba ya mwalimu mkuu kule Kimulot, kwenye mashamba ya chai. Kila nilipoulizwa nilisema ni mbuzi. Leo nakiri, ila usitegemee nitubu.

Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo kikuu na kichwa kilichojaa historia na viatu visivyofaa matope. Sheria ya shule ilisema asiye na daftari arudi nyumbani. Chebet, binti wa mchuma chai, alirudishwa kila asubuhi. Angeanza kuchuma chai kabla hajajua kuandika jina lake.

Sasa mimi, msomi, nilijua kwamba watu waliandika kwenye udongo, ngozi na mafunjo karne nyingi kabla ya karatasi. Mafunjo hayohayo mama yangu, mtu wa ziwani, aliyasukia mikeka. Na karatasi yenyewe ni nini, kama si mimea iliyopondwa ikaanikwa? Nikakata jani nyuma ya ofisi, nikampa Chebet mwiba. Ukilikwaruza jani bichi la mgomba huoni kitu. Subiri kidogo, herufi zinajitokeza nyeusi.

Mwalimu mkuu akaingia darasani amefura.

"Madam, nani amekata ndizi zangu?"

"Labda mbuzi, mwalimu."

Akaliinua jani la Chebet, akalisoma. "Huyu mbuzi ameenda shule! Madam, huku jani tunaloheshimu ni la chai. Mtoto hana daftari, aende nyumbani."

"Daftari lake ndilo hilo umeshika. Akitoka, natoka naye."

Aliyetoka ni mwalimu mkuu mwenyewe. Chebet akabaki, na mbuzi wangu akaendelea kula migomba.

Mwanangu, penye nia pana njia, ingawa njia nyingine hupita shambani kwa mkubwa wako. Usikubali kuambiwa kwamba elimu huanzia dukani. Mchagua jembe si mkulima: andika kwenye kilichopo, na anayekufukuza mwache atoke yeye. Mungu akupe mkono usiotetemeka, na mgomba usio mbali.

Jumapili iliyopita simu ililia. Alikuwa mwalimu mkuu, sasa mzee aliyestaafu, sauti imepungua lakini ukali uko palepale. Hata salamu hakunipa.

"Madam, niko na mjukuu hapa, kila penseli anatupa. Huyo mbuzi wako, ule mwiba alitoa kwa mti gani?"