Aliyelitambua Lile Jiwe

Nakumbuka siku moja ya mavuno, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na sita na kiburi chote cha mwanafunzi wa sekondari. Tantine, ndivyo sote tulivyomwita shangazi, dada wa baba yangu, alikuwa anachambua maharagwe uani kwetu hapa Bunia. Yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Akatoa humo jiwe jeupe, dogo, akaligeuza mara kadhaa.

"Hii haikuvunjika yenyewe," akasema. "Mutu aliichonga. Angalia, huku chini aliipunguza ipate kuingia mu kijiti. Iko ya mushale."

Nikacheka. "Tantine, mushale iko ya chuma! Weye hukusoma."

Yeye akaendelea na maharagwe yake. Mimi mjanja, kesho yake nikalibeba lile jiwe shuleni. Mwalimu wa historia alilishika kwa mikono miwili, akatuambia ni ncha ya mshale ya watu wa kale, walioishi kabla chuma hakijajulikana huku kwetu.

"Nani alitambua hii?"

"Ni miye, Monsieur."

Darasa zima likanipigia makofi, na nisikufiche, uongo ule ulikuwa mtamu sana.

Jioni mwalimu akaja nyumbani aone mahali jiwe lilipotoka, na aandike jina langu kwenye daftari lake. Neno moja tu la Tantine lingeniaibisha. Yeye akamwonyesha mwalimu pale tulipopigia maharagwe, akamwekea kiti, akasema, "Mutoto wetu iko na akili sana, Monsieur."

Hapo nililia. "Si miye, Monsieur. Ni Tantine alijua. Andika jina yake."

"Anaitwa nani?"

Nikamgeukia Tantine. Miaka yote ile nilikula chakula chake, nami sikujua jina lake! Tantine akacheka mpaka akashika ubavu, akafuta mikono, akalitaja polepole ili mwalimu asikosee: "Veneranda."

Basi, mwanangu, ukisifiwa kwa kazi ya mwingine, mtaje palepale, kabla makofi hayajaisha. Usidhani akili zote zimekaa shuleni. Na leo ukifika nyumbani, muulize anayekupikia jina alilopewa na wazazi wake. Mungu akulinde, akupe watu wa kukupenda hata siku unapowakosea, kama alivyonipa mimi.