Rosina wa Hadubini na Jina la Mkwewe

Rosina Gulal amechosha macho kwenye hadubini miaka ishirini na miwili, hapa kwenye zahanati yetu pembeni ya mji wa Madang, akihesabu vimelea vya malaria katika damu ya watoto. Mgongo umeshapinda. Ukimwuliza kama amechoka atakujibu, "Sista, kuchoka ndiyo kazi yangu, kuhesabu ni nyongeza."

Damu hiyo hupelekwa kwa wataalamu wanaosoma jeni za vimelea. Wanataka kujua kwa nini mtoto mmoja amejaa vimelea tele na bado anatafuna biskuti, na mwenzake ana vichache tu, kesho hana fahamu. Wanasema kuna aina zinazong'ang'ania kwenye mishipa ya ubongo, na damu ya kidoleni haizionyeshi. Kila mtoto wa utafiti ana namba. Rosina alizipenda sana namba, maana namba haina ukoo. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe, awe hai awe kaburini, na majina yenyewe ni ya kurithishana, kila kijiji utayakuta.

Jumanne moja, mimi muuguzi wa zamu, nilikuwa na watoto wanne wenye malaria. Walikuwa wanakunywa, wanaongea, nikawapa vidonge, mama zao wakapanda nao gari la kwenda Bogia. Mara simu ya Rosina ikalia kutoka maabara yetu, kule juu kilimani.

"Sista, mmoja asiondoke! Vimelea vyake vichache, lakini chembe nyeupe za damu zimemeza weusi unaoachwa na vimelea. Vingine vimejificha ndani. Huyo anataka sindano sasa hivi!"

"Yupi?"

Akaanza kukohoa.

"Namba yake?"

"Hana. Mama yake aliukataa utafiti."

"Basi jina, dada! Gari limeshawashwa!"

"Yule… yule mvulana."

"Wavulana watatu hapa! Popoo imekulevya leo? Taja jina, kwani litakung'ata?"

Mdomo wangu hauna breki, na nilikuwa nimechoka tangu alfajiri. Sikufikiri kabisa.

Nikamsikia akivuta pumzi. "Maibang," akasema, polepole, kama mtu anayetema jino.

Nilikimbia pekupeku mpaka kwenye gari. Mtoto alishikwa na degedege mikononi mwangu kabla hatujafika kitandani. Siku ya tatu aliomba ndizi.

Mume wa Rosina hakugusa chakula alichopika mkewe mwezi mzima, mpaka Rosina alipochinja nguruwe mbele ya wakwe na kuomba radhi, kichwa chini, mawifi wakimcheka waziwazi. Niliumia. Nikampandishia magimbi ya kuchoma kule maabara.

"Dada, nimekuponza. Nisamehe."

Hakuinua macho. "Hukuniponza wewe. Mwaka juzi alikuja mtoto mwingine mwenye jina hilohilo. Niliona aibu, nikaliandika kwenye karatasi, nikamtuma mfagiaji akuletee."

Niliikumbuka karatasi ile. Nilipoipokea, gari lilikuwa limeshaondoka na mtoto huyo.