Gramu Mia Saba za Sisimizi

Saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha pasi kimeshajaa mvuke. Mwanamke mfupi, mikono myembamba iliyokaza, anakunjua shuka la hoteli, anapitisha pasi mara mbili, anakunja. Macho yake hayapo hapa. Wenzake katika kazi ya udobi wameshamzoea: mwili uko mezani, roho iko ulingoni, refa amemshika mkono anauinua.

"Mwite mara tatu ndipo aitike," anasema fundi wa mashine. "Ila shuka hajaunguza hata moja."

Ulingoni huitwa Sisimizi. Ana miaka thelathini na mmoja, mapambano kumi na tisa, na ameshindwa mara mbili tu. Kwa miaka mitatu alikuwa bingwa wa wanawake wa kilo hamsini na gramu mia nane. Mwaka jana mkanda wa ubingwa ulimponyoka bila kupigwa hata konde moja.

Chanzo ni mkeka wa mpira. Kocha wake ni mjomba wake, kaka wa mama yake, mtu wa maneno machache aliyemfundisha tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Mvua zilipoanza, sakafu ya ukumbi wa mazoezi iliingia unyevu, mjomba akahofia mzani wa kumpimia uzito utapata kutu. Akautandikia mkeka laini. Masikini, hakujua kwamba mzani ukikaa juu ya kitu laini husema uongo. Wiki tano nzima Sisimizi alipanda, akasoma namba tamu, akashuka akiimba.

Siku ya kupimwa rasmi alikutwa amezidi gramu mia saba. Akapewa saa mbili azipunguze. Alikimbia na makoti mawili mwilini, akatema mate hadi kinywa kikakauka, akanyolewa nywele zote. Bado akazidi gramu mia mbili, na mkanda ukaondoka.

"Pale sikulia," anasema. "Nililia nilipomwona mjomba amepiga magoti anaupapasa ule mzani."

Mwenyewe alishasamehe zamani. Kosa si kosa, anasema, kosa ni kurudia kosa. Mjomba ndiye hakujisamehe. Mwezi uliopita alimjia mbio na barua mkononi: bingwa mpya amekubali kupigana naye, kwa uzito uleule. Mzee aliona mlango wa kufuta aibu yake umefunguka.

Siku tatu Sisimizi alipiga pasi akiiwaza barua ile. Aliujua uzito ule. Wiki ya mwisho kabla ya kupimwa hula yai moja kwa siku na kulowesha ulimi kwa kitambaa. Mara ya mwisho alipoufikia, alianguka kazini, pasi ya moto mkononi, na kovu liko kwenye kiganja mpaka leo. Tangu hapo mwili umezidi kukomaa, wala haubembelezeki.

Siku ya nne alikwenda nyumbani kwa mjomba.

"Mjomba, mkanda ule nauota kila siku," alimwambia. "Lakini kwenye ndoto sina njaa."

Mjomba aliikunja barua polepole. Akamuuliza anataka kupanda hadi uzito gani. Kilo hamsini na tatu na nusu, akajibiwa. Akamwonya kwamba kule wanawake ni warefu na makonde yao ni mazito, na kwamba ataanzia mkiani kama mgeni. Sisimizi akasema anajua, na anaogopa. Mzee akaingia jikoni, akatoka na sahani iliyojaa.

"Basi kula, mama," alisema. "Kazi iko mbele yetu."

Pambano la kwanza la uzito mpya ni baada ya wiki sita. Sisimizi amejipa miaka mitatu kufika kileleni, na akinyoosha shuka jingine anatabasamu peke yake.

"Nikishinda, wakubwa wa chama cha ngumi wakae tu kwenye viti vyao," anasema. "Mkanda atanifunga mjomba, kwa mikono yake."