Maharage Mbele ya Kondoo wa Chuma

Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Neema, maana yeye lazima aongeze chumvi: ni kweli, mimi ndiye niliyesimama katikati ya Wasweden kwenye uwanja wa kulenga shabaha, bastola iko mezani, mume wangu amenyoosha mkono nimpe risasi, nami nikafungua kopo nikamwonyesha maharage. Maharage ya mawese, na kitunguu juu. Chekeni, ruksa, hata mimi kuna siku nacheka. Lakini ile aibu ninayo mpaka leo, na ingekuwa ya maharage tu ningeshaisahau zamani.

Mume wangu, Baba Gloria, alikuwa anapakia mizigo ya ndege kule Arlanda, mtu wa kifua na mikono, na huko kazini akapata rafiki mmoja Msweden mzee, Lennart, ambaye ndiye aliyemtia kwenye mchezo huo. Mchezo wenyewe ni hivi: wanasimamisha wanyama wa chuma, kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo dume, watano watano, kila aina mbali zaidi ya waliotangulia, nawe unasimama na bastola yako unawapiga mmoja mmoja, na kumgonga peke yake hakuhesabiwi, lazima aanguke chini. Mimi mwanzoni nilinuna kabisa. Mama Neema, jirani yetu hapo Husby, alimuuliza usoni, "Shemeji, sisi si tulizikimbia bunduki Burundi? Mbona wewe unazifuata tena huku?" Baba Gloria akamwambia, "Shemeji, huku wakimwangusha kondoo wanakwenda kumwinua. Kwetu nani aliinuliwa?" Tulijua anawasema kaka zake waliouawa kule.

Halafu mkono ukaanza kuharibika. Kikombe kinamponyoka, anasema ni kuchoka, ufunguo haugeuki, anasema ni baridi (baridi gani ya mwezi wa sita?), mpaka tukaenda hospitali wakampima wee, mwisho daktari akatukalisha akasema ni ugonjwa wa neva, misuli itakufa kidogo kidogo, inaanza mikono, na dawa ya kuurudisha nyuma haipo. Tukiwa kwenye treni ya chini ya ardhi tunarudi nyumbani, akaniambia, "Mama Gloria, mimi sitaki mengi. Nataka kiangazi kimoja. Niwaangushe kondoo wote watano kwenye mashindano, hata mara moja, kabla mkono haujafa." Wanne aliwahi kuwaangusha. Watano, hajawahi.

Basi ikaanza kazi ya kutafuta silaha ya mkono mgonjwa. Jamani, mimi ambaye nilikuwa sitaki hata kusikia, nikajikuta najua habari za bastola kuliko wanaume wengi wa kanisani! Kulikuwa na ile ndefu inayotiwa risasi moja moja, tamu sana kwa kulenga, lakini ina teke la punda, alipiga mara moja akakaa chini ameshika kifundo cha mkono. Ikaja ya risasi ndogo kabisa, hiyo teke haina, ila wanyama wake nao ni wadogo, na Baba Gloria akasema, "Siwezi kuaga kwa kupiga vitoto vya kondoo." Mwisho akarudi kwenye rivolva yake mwenyewe ya mtutu mrefu, chuma kizito, maana ule uzito unameza teke, na uzuri wake inakubali risasi za aina mbili, ndefu zenye nguvu na fupi za taratibu. Zile fupi hazikumuumiza. Shida ikawa kondoo: anagongwa, ting! anatikisika kidogo, halafu amesimama palepale anakutazama.

Hapo wakawa wanashinda kwenye banda la Lennart, Baba Gloria anajaza baruti mwenyewe kwenye maganda, akiongeza chembe mkono unauma, akipunguza chembe kondoo haanguki, akaja kubadilisha na kichwa cha risasi, akaweka kizito zaidi kinachokwenda polepole lakini kikifika kinasukuma, mpaka jioni moja akarudi nyumbani anacheka tangu mlangoni, "Nimeipata! Mkono hausemi kitu, na kondoo analala!" Akarekebisha na vilengeo vya bastola, vile vya kulengea juu ya mtutu, vifuate risasi hizo hizo tu. Akanikumbatia kwa mkono ule mzima. Nikalia, nikamwambia ni kitunguu.

Sasa ndipo mwenzenu nilipoingia. Kwanza, aliniambia nisimwambie mtu siku ya mashindano. Nikawaambia kwaya nzima ya kanisani kwetu. Nilitaka wamwone, maana walishaanza kumsalimia kwa sauti ya msibani, mtu bado anatembea! Pili, zile boksi za karatasi za risasi zilikuwa zimelowa kwenye gari la Lennart, zimelegea, na asubuhi ya mashindano, alipozitoa risasi kwenye kabati la chuma, nikamwambia lete, nizitie kwenye kitu kigumu. Nyumba zetu mnazijua: makopo ya aiskrimu hatutupi. Nikazifunga risasi kwa kitambaa cha jikoni zisigongane, nikaziweka kwenye kopo, kopo nikaliweka kaunta. Pembeni yake lilikuwepo kopo jingine la aina ileile, lina maharage ya Mama Neema, yeye hakuwa anakuja kwenye mashindano, alikuwa na ubatizo wa mjukuu Hjulsta na alikuwa ameniomba nimpikie. Uzito sawa, kifuniko sawa. Akagonga mlango, mimi nafunga kilemba kwenye kioo, nikapiga kelele, "Chukua kopo lako hapo kaunta!" Gloria wetu alikuwepo, yuko na simu yake, hakuinua hata kichwa.

Tukafika huko msituni, mbele ya Märsta, kwaya imekuja na treni halafu ikachukuliwa na magari, vitenge vya sare, na thermosi za chai. Wasweden wametulia, wanaongea kwa kunong'ona. Kwenye mchezo ule mpigaji anaruhusiwa msaidizi wa kusimama naye, na msaidizi ni mimi, darubini shingoni, nimevimba kichwa. Baba Gloria akanyoosha mkono. Nikafungua kopo.

Lennart akachungulia, akasema kwa upole wao ule, "Yananukia vizuri." Na simu yangu ikaanza kulia ndani ya mkoba (hapo haitakiwi simu kulia), kumbe ni Mama Neema, naye hana salamu: "Mama Gloria! Mchungaji amefungua kopo achote maharage! Umetupa nini sisi? Watu wametoka nje!" Hjulsta na pale tulipo ni mbali, hata ukiruka huwahi.

Lennart akasema yeye anazo risasi zinazoingia kwenye bastola ile, ila ni zile ndefu, za nguvu. Baba Gloria akazitazama, akaniinamia sikioni akasema, "Mkono hautaweza. Tuache. Kuna mashindano mengine mwisho wa kiangazi." Alisema vizuri tu, hakuwa hata na hasira. Nami nikageuka nikaiona kwaya, wamejipanga, wanatupungia mikono, wengine wameacha zamu zao za kazi, na aibu ya maharage bado inaniwaka masikioni, nikasema, "Piga tu, Baba Gloria. Risasi si risasi? Watu wametoka mbali." Mbele za watu namna ile mwanaume wa kwetu atakataaje? Akazichukua.

Kuku wa karibu akawaangusha wawili. Kila mlio nauona mkono unaruka juu, anaushika kwa ule mwingine, anavuta pumzi, anarudi. Alipofika kwa kondoo alikuwa anatetemeka mpaka begani, na vile vilengeo viliwekwa kwa risasi za polepole, hizi zinapita juu ya migongo yao, natazama kwa darubini naona vumbi tu kwenye tuta la nyuma. Na kwaya, haki ya Mungu, kwaya ikawa inapiga vigelegele kila bastola ikilia! Walidhani mlio ndio ushindi. Hakuna aliyewaambia. Kwa kondoo wa nne, bastola ikampiga teke Baba Gloria, vidole vikafunguka, ikaangukia mezani, na mwamuzi akainua mkono, kila mtu aache kupiga. Kuangusha silaha ni kutolewa. Walimtoa kwa heshima, wakamshika bega, lakini walimtoa. Kwaya ikaanza kuimba.

Zile risasi Lennart alizifuata Hjulsta jioni ile, akawaomba radhi kwa niaba yangu. Baba Gloria sikuweza kumtazama. Nilimwambia nyumbani, nimepiga magoti, "Nisamehe, baba." Akasema, "Watu walifurahi," akaniomba nimfungue kamba za viatu. Mwisho wa kiangazi ulipofika na mashindano yale mengine, kifungo cha shati hawezi. Daktari alisema ingekuwa hivyo tu, teke la siku moja halileti ugonjwa, na mimi nasema asante daktari, lakini daktari hakuwepo alipokuwa ananong'ona sikioni kwangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkono ulikuwa wake, maumivu yake, na kiangazi kilikuwa chake, mimi nikamwamulia kwa sababu ya wanakwaya na chai yao.

Alifariki mwaka uliofuata, theluji bado iko chini. Miezi ile ya mwisho nilikuwa namlisha mwenyewe kwa kijiko, na nyinyi mnanijua mimi na chakula, nabembeleza, nalazimisha, mgeni haondoki kwangu hajashiba. Wageni walikuwa wananiambia, "Mhimize, Mama Gloria, aongeze hata kidogo." Yeye alikuwa akisema, "Basi, siwezi," nami naweka kijiko chini hapo hapo, sahani ikiwa bado imejaa.