Nusu Saa ya Kutembea

Nchi yetu ikiwa bado Zaire, nilirudi Kalemie kutoka Lubumbashi na diploma ya elimu ya viungo na woga wa kila kitu. Kazi ya shule haikupatikana. Daktari mkuu wa hospitali, aliyesali parokia moja na mama yangu, akanipa saa moja kila Alhamisi pamoja na wanafunzi wanne wa udaktari waliokuja kwetu kufanya staji, mazoezi yao ya kazi. Niwafundishe namna ya kumshauri mgonjwa autumikishe mwili wake. Lakini kwa mwezi mmoja tu: kama mwishoni sitakuwa nimemsaidia hata mgonjwa mmoja, saa hiyo itarudi kwa mfamasia.

Kwa somo la kwanza niliandika kurasa kumi na moja. Nilijiuliza kama nianze na moyo au na misuli, nisimame au niketi, na kama nimwite “sitoyeni”, yaani raia, kama serikali ilivyotaka tuitane, mwanafunzi aliyenizidi umri. Nikamwita hivyo, wote wakacheka. Kurasa zikaisha kwa robo saa.

Ili kujaza muda nikaomba mgonjwa. Muuguzi akatuletea Papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee, karani wa reli, mwenye presha ya juu na tumbo lililoshinda vifungo vya koti lake la abakosi. Mwanafunzi wa kike, aliyekuwa peke yake kati ya wale wanne, akamwandikia karatasi kama ya dawa: nusu saa ya kutembea, kila siku, akitoka biro, yaani ofisini kwake. Papa akaikunja kwa heshima, akaitia mfukoni.

Alhamisi iliyofuata tukampima. Alikuwa ameongezeka kilo mbili.

Nilimuuliza kama kweli alitembea. Akatoa karatasi ileile. Kila siku ilikuwa na alama yake, kwa wino wa ofisini. Nikaishuku mizani, nikapanda mwenyewe. Mizani ilikuwa nzima. Aliyepungua ni mimi. Wiki ya pili akaongezeka kilo nyingine. Daktari mkuu alipita mlangoni, akatazama mshale wa mizani, akaangalia kalenda ya ukutani, akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Hapo yule mwanafunzi akaacha kalamu, akaketi na Papa kwenye benchi.

“Papa, unisimulie njia yenyewe. Ukitoka biro, unapitia wapi?”

Akasimulia. Nyumba ya kwanza ni ya shemeji yake. Wakimwona wanauliza anaenda wapi, naye anajibu kweli kwamba haendi mahali, anatembea tu. Basi, kama haendi mahali, amekuja kwao. Kiti kinatolewa, kisha bukari, ugali wetu, na samaki wa mikebuka, naye anakula kidogo ili asiwadharau. Nyumba ya pili ni chai na mkate. Kabla ya kufika daraja la mto Lukuga ameshaketi nyumba nne.

“Dawa yenu ni muzuri,” akasema, “ila inashibisha sana.”

Wanafunzi walicheka mpaka muuguzi akachungulia. Mimi nilicheka huku natoka jasho. Nimezaliwa mji huu, nimewekewa viti vya namna hiyo maisha yangu yote, na katika kurasa zangu zote hapakuwa na kiti hata kimoja.

Mwanafunzi akamuuliza kama wanamketisha pia siku chefu wake wa kazini anapomtuma kupeleka barua.

“Mutu wa kutumwa, nani atamuketisha?” Papa alishangaa. “Wanasema tu: pita Papa, utakuja siku ingine.”

Mwanafunzi akamshauri abebe bahasha mkononi. Papa akatikisa kichwa. Yeye ni Mkristo. Bahasha tupu ni uongo unaotembea. Tulibishana naye muda mrefu kuliko somo lote la moyo. Nami, niliyezoea kugeuza kila jambo mara kumi, nikaligeuza hili pia. Nikasema bahasha isiwe tupu. Tutie ndani karatasi ya hospitali. Atoke nayo biro, afike darajani, aje nayo mpaka kwa mlinzi wa lango letu, naye aitie sahihi.

“Hapo utakuwa umetumwa kweli, Papa. Sisi njo tumekutuma.”

Papa akanyoosha mkono apewe bahasha.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi ya mwisho, daktari mkuu alikuja mwenyewe. Papa alikuwa amerudi kwenye uzito wake wa mwanzo, kasoro nusu kilo. Nikaanza kueleza kwa nini nusu kilo si kidogo. Daktari akaninyamazisha kwa kidole, kwa sababu alikuwa akisikiliza presha. Ilikuwa imeshuka. Papa alilalamika tu kwamba shemeji yake sasa anamwona mtu mkubwa, kila siku ana barua.

Daktari mkuu akawaagiza wanafunzi waandike: kabla ya kumwambia mgonjwa atembee, muulize anapita kwa nani. Kisha akaniambia mfamasia atatafutiwa saa nyingine. Nikamuuliza kama ana hakika.

“Mwalimu,” akasema, “usiniulize mara ya pili, nisije nikaanza kufikiri kama wewe.”