Bi Asia na uso wa Gasper

Bi Asia anapiga picha Kasulu mjini, kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Mimi nauza karanga barazani kwake, kwa hiyo wateja wake nawaona wakiingia na wakitoka. Mlango haufungwi, maana mwanga wake wa kupigia ndio huo wa mlangoni.

Wazazi wa huku wakitaka mtoto apigwe picha, wanamtengeneza tangu nyumbani. Anapakwa mafuta mpaka uso unang'aa kama sufuria mpya, anavalishwa viatu vya kaka yake, na njiani anaonywa, "Ukicheka mbele ya kamera, utaniona." Akifika anasimama kama mgambo, mikono imebana mapaja, macho yamemtoka. Marehemu mume wa Bi Asia, mzee Twalibu, alikuwa anawapiga hivyo hivyo na watu walimsifu. Picha ni heshima, wanasema. Kucheka utacheka shambani.

Bi Asia alikuja huku kuolewa, kutoka Ujiji. Mama mkwe wake akamfundisha salamu ya Kiha: unainama, unapiga makofi polepole, unasema "Mwakeye," halafu unauliza nyumbani, ng'ombe, wajukuu. Alichosahau kumwambia ni kwamba hiyo unampa aliyekuzidi umri. Kesho yake asubuhi Bi Asia akamwinamia mtoto wa jirani wa miaka minne, na makofi, akamuuliza kama wajukuu hawajambo. Watoto wa ua mzima walianguka chini kwa kicheko. Wakubwa waliona aibu, wakageuka pembeni. Yeye alibaki anaziangalia zile sura za watoto wanaocheka.

Mumewe alipofariki, kamera ikabaki kwake, akaanza kupiga kwa namna yake. Hamwambii mtoto cheka. Anachuchumaa, anamwamkia kama mzee, na kamera iko kifuani tayari. Kuna wanaokasirika. Mmoja alitoka Kasanda kote huko kuja kumrudishia picha. "Mama, nilikuletea mtoto, wewe umenipa tumbili." Bi Asia hakubishana. Alimpigia nyingine ya kusimama.

Mwaka huu mwezi wa tano alikuja Veronica kutoka Nyakitonto, na mwanawe Gasper wa miaka sita. Gasper ana tundu kwenye moyo. Ni mdogo kuliko umri wake, na midomo yake ni kama ya mtu aliyetoka kula zambarau. Keshokutwa yake walikuwa wanasafiri kwenda Dar es Salaam akapasuliwe. Veronica alitaka picha kubwa, ya kutia kwenye fremu.

"Nataka sura yake mwenyewe, dada," alisema. "Nyumbani hatuna hata moja."

Bi Asia akachuchumaa, akapiga makofi. "Mwakeye, mzee."

Gasper akanyamaza. Akaulizwa ng'ombe, akanyamaza. Mama yake akamgusa bega. "Inua uso, we! Unaamkiwa." Akauinua, lakini ulikuwa uso wa mtu anayesubiri sindano. Kamera haikulia hata mara moja.

Mtoto anayeogopa kamera huwa anaiangalia kamera. Huyu alikuwa anaangalia ukuta, zinapotundikwa fremu za kuuza. Bi Asia naye akaona.

"Unaangalia fremu, baba?"

"Yangu ni ipi?"

"Unataka ipi?"

"Bibi kasema ile ya kubeba mbele ya jeneza."

Huku mtu akizikwa, mmoja wa ukoo anatangulia na picha yake. Asiye na picha analiliwa mara mbili. Kila mtu analijua hilo, ila halisemwi mbele ya mgonjwa. Veronica alikaa kwenye benchi ghafla.

"Hakusema hivyo," akasema. Halafu, "Alisemea jikoni. Nilidhani umelala."

Nilifikiri Bi Asia atamwambia mtoto atapona. Hakumwambia. Aliiweka kamera sakafuni, akabaki amechuchumaa vile vile.

"Kama utarudi au hutarudi, mimi sijui," alisema. "Ila nimekuamkia, hujaitikia. Ndivyo mlivyofundishwa Nyakitonto?"

"Wewe ni mkubwa. Anayeanza ni mimi."

"Basi anza."

Gasper akainama, akapiga makofi matatu, akapumzika, akapiga mengine. "Mwakeye."

"Mwakeye, mzee Gasper! Siku nyingi. Mgongo unaendeleaje?"

"Mimi si mzee."

"Si mzee na mvi zote hizo?"

Akajishika kichwa. Akamwangalia mama yake, mama akawa anafuta macho kwa pembe ya kitenge, akashindwa kumsaidia.

"Wajukuu wamefika wangapi sasa?"

Akafikiri sana. "Kumi na wanne."

"Wote wanakutii?"

"Mmoja mkorofi. Anaiba karanga za yule pale." Akaninyooshea kidole, akacheka, na kicheko kikamtoka chote mdomo wazi. Mkono wa Bi Asia ulivyookota kamera sikuuona. Nilisikia tu imelia, mara mbili. Halafu kicheko kikageuka kikohozi, mama yake akambeba akamkalisha mapajani, wote tukasubiri pumzi imrudie.

Bi Asia akamwonyesha Veronica kwenye kioo cha kamera. Mapengo mawili mbele, jicho moja limefinyika kuliko lingine. Veronica aliishika muda mrefu mpaka kioo kikazimika, akaomba kiwashwe tena.

"Ndiye," alisema.

"Nikate fremu ya kipimo gani?"

"Fremu acha, dada. Nitolee ndogo, iingie kwenye daftari lake la kliniki."

"Na bibi yake nyumbani, akiulizia fremu?"

"Nitamwambia mashine imeharibika."

"Usimdanganye mzee. Mwambie nimekataa mimi. Atanitukana mimi, nimeshazoea."

Walipanda basi Ijumaa alfajiri. Upasuaji umeahirishwa mara moja, daktari anataka mtoto aongezeke kilo mbili kwanza. Kula anakula, lakini uzito haupandi haraka. Veronica akipiga simu, Bi Asia anatoka nje, barazani, kuipokea, na mimi naacha kufunga karanga ili nisikie.