Mtu Aliyengoja Nimalize

Nyumbani kwetu Ziwani wenye kigugumizi tulikuwa wawili, baba na mimi. Mama na kaka zangu walizungumza kama watu wengine, haraka haraka, huku wakikatizana. Mimi na baba tulipokaa barazani kumenya mihogo, neno moja liliweza kuchukua muda wa mhogo mzima, na hakuna aliyejali. Baba alifumba macho, shingo ikakakamaa, kisha neno likafyatuka. Hakuwahi kunimalizia neno langu, wala mimi sikummalizia lake.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Mtoto hupimwa kwa shikamoo yake, na yangu ilikuwa haifiki. Nilisimama mbele ya mtu mzima nikitetemesha midomo, "Shi-shi-shi," naye ameshapita, anamwambia mwenzake kwamba mtoto yule hana adabu. Dukani nilinunua kile nilichoweza kukitamka. Siku moja nilitumwa kiberiti. K iligoma kabisa, waliosimama nyuma yangu wakaanza kuguna, nikasema "sabuni." Mama aliipokea ile sabuni akaigeuza geuza mkononi.

"Haya," akasema, "leo tutawasha moto kwa sabuni."

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaenda dukani mwenyewe na kukionyesha kiberiti kwa kidole.

Lakini alipofungua msahafu hakukwama. Yasini aliisoma mwanzo hadi mwisho, sauti ikiteleza, na sisi watoto tulinyamaza tukimsikiliza mtu tusiyemjua.

Kisha tukahamishwa. Tuliiacha mikorosho yetu Ziwani tukapelekwa kijiji kipya cha ujamaa, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na majirani walitoka kila upande, Wamakonde, Wamakua, na jamaa waliokimbia vita vya Mreno ng'ambo ya mto. Kule Ziwani kila mtu alijua jinsi baba anavyosema. Hapa hakuna aliyejua. Ikavuma kwamba pamoja na wakimbizi walivuka wapelelezi, kwa hiyo vijana na wanaume wa kijiji wakafunzwa mgambo, wakapewa bunduki, wakawa wanalinda njia za kuelekea mtoni. Ukiulizwa "Nani?" ulitakiwa kujibu upesi.

Baba alikuwa akichemsha chumvi huko kwenye mikoko wakati wa kiangazi, na alipenda kutoka mapema kabla jua halijawa kali.

"Ngoja pakuche vizuri," mama alimwambia. "Wakikuuliza utajibuje?"

"Ni-ni-nitajibu," baba akasema, akabeba debe lake.

Alitoka alfajiri baada ya swala. Mama alikuwa ameanza kutwanga tuliposikia mlio wa bunduki, mmoja tu. Aliacha mchi ndani ya kinu akasimama. Hakupiga kelele. Nadhani alishajua. Wanaume walimrudisha baba juu ya kitanda cha kamba, na mmoja wao alikuwa amelibeba lile debe.

Aliyempiga alikuwa mtu wa kijiji chetu, wa mstari wa mwisho wa nyumba, mtu mzima mwenye watoto. Mwenyekiti wa kijiji aliwaambia watu msibani kwamba marehemu aliulizwa, akaulizwa tena, hakujibu, na kwamba hizi ni bahati mbaya za wakati wa vita. Yule mtu alikuja. Alikaa mbali na wenzake, chakula kikaletwa na kuondolewa, hakukigusa. Baada ya hapo aliirudisha bunduki kwa mwenyekiti na hakuishika tena.

Mimi niliacha kusema. Masika nzima ilipita sijatoa neno, na watu wakamwambia mama nimerogwa. Sauti iliporudi, ilirudi na kigugumizi kilekile.

Njia ya kwenda kisimani ilipita mbele ya nyumba ya yule mtu. Asubuhi ya kwanza nilipomkuta nje nilitaka kuinamisha kichwa nipite, lakini nilikuwa nimelelewa, na mkubwa huamkiwa. "Shi-shi-shi," nikaanza. Aliweka jembe chini. Hakutazama pembeni, hakunisaidia neno. Alisimama tu.

"Sina haraka, mwanangu," akasema.

Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho. "Marahaba," akaitikia, kwa sauti ya chini sana.

Ikawa hivyo kila siku. Mama alijua, akaniambia nipite nyuma ya shule. Sikupita. Nilimchukia yule mtu, nilitamani anikatize kama wengine, lakini tangu baba aondoke hakukuwa na mahali pengine kijijini ambapo neno langu lilifika mwisho.

Nilipochumbiwa na kukaribia kuhamia mjini Magomeni, nilikwenda kwake mchana, bila ndoo. Alikuwa peke yake akipasua kuni.

"Mjomba," nikamwambia, "ba-ba-baba alisema nini?"

Alikaa juu ya gogo.

"Nilisikia 'mmm,'" akasema. "Mdomo umefungwa. Mmm, mmm. Nikadhani ananigunia, ananidharau. Kulikuwa bado na kiza, na mimi nilikuwa naogopa, mwanangu. Hakuna aliyeniambia kwamba yuko mtu anayesema hivyo."

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni, moja la kumsamehe na moja la kumlaani. Yote mawili yalikwama. Yeye akangoja, mikono juu ya magoti, kivuli cha nyumba kikatufikia miguuni, mpaka nikageuka nikaondoka bila kutoa hata moja. Nilisikia baadaye kwamba amehamia Newala kwa wakwe zake. Sikumwona tena.

Herufi M haikuwahi kunisumbua utotoni. Ilikuwa rahisi, kama kupumua. Baada ya siku ile ikawa ngumu kuliko zote. Mume wangu alishangaa: mwanamke aliyemchumbia akikwama kwenye K na SH sasa hawezi kusema mchele, wala mchana, wala mume.

Yale aliyoniambia yule mtu akiwa juu ya gogo sikumsimulia mama. Alikuja kukaa nasi Magomeni nilipojifungua mtoto wa kwanza. Siku moja jirani aligonga nikiwa nyuma ya mlango, akauliza, "Nani yuko ndani?" Nikataka kujibu "mimi." Midomo ikafungika, shingo ikakakamaa, mmm, mmm, mmm. Mama alikuwa amempakata mtoto mkekani. Aliinua uso akanitazama, hakuniondolea macho, kama aliyemsikia baba njiani alfajiri ile. Kisha akamlaza mtoto taratibu, akajifunika kanga usoni, akatoka uani, na jirani akaendelea kugonga.